Siku za Kutofungua Sanduku

Mnakuja kwangu na simu mkononi, hata shikamoo haijakaa vizuri, swali limeshatoka: "Bibi, niweke ngapi?" Kana kwamba mashine ya kutotolesha ni redio, ukishapata stesheni umemaliza. Haya, nawapa namba kwanza, maana najua msipozipata hamtanisikiliza. Mashine yenye feni iwekeni nyuzi thelathini na saba na nusu. Sanduku lisilo na feni, pimeni usawa wa mgongo wa yai, na hapo mtake thelathini na nane na nusu hadi thelathini na tisa, kwa sababu bila feni joto hukaa juu na chini kunabaki baridi. Unyevu, asilimia hamsini hadi hamsini na tano kwa siku kumi na nane za kwanza. Siku tatu za mwisho upandisheni hadi sitini na tano, sabini. Siku ya ishirini na moja, vifaranga. Basi, mmepata. Mwenye haraka aende.

Waliobaki, vuteni vigoda. Mimi nimetotolesha vifaranga hapa Lusahunga mpaka macho yakakataa. Mtoto wa jicho ameniingia macho yote mawili, na mtu asiyeweza kujisomea thamometa hana kazi hii tena. Nilijidanganya muda, nikawa namwita mwanangu Kulwa anisomee, yeye ananisomea huku akiwaza mambo yake, mpaka siku moja akanisomea namba ya saa ya ukutani. Tulicheka sana. Baada ya kucheka nikaenda ndani nikalia, na wiki ile nikafunga kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Shaabani, fundi redio wa Biharamulo mjini. Watu wa kwao walikuja zamani kutoka pwani kufuata biashara, lakini yeye biashara ilimshinda, akapenda nyaya. Sanduku lake la kwanza alilitoa kwenye friji iliyokufa. Alitoa matumbo yote, akaweka balbu mbili, swichi ya pasi ya kukatia umeme joto likifika, na bakuli la maji chini. Mimi nilikwenda kwake kutengenezewa redio, nikasikia friji inalia piyo piyo piyo. Nikamwuliza, "Mzee, hii nayo ni redio?" Akasema, "Hii ndiyo redio pekee humu ndani inayosema kweli." Sikutoka tena. Msukuma kama mimi, niliyefika Nyamahanga, jirani na hapa, nikiwa nimebebwa mgongoni wazazi wakifuata malisho ya ng'ombe, nikawa mwanafunzi wa fundi redio.

Lakini hata Mzee Shaabani alipigwa chenga na milima yetu. Alikuwa ameshika tangu shuleni kwamba maji yanachemka kwa nyuzi mia. Kwa hiyo akinunua thamometa mpya, kitu cha kwanza ni kuitumbukiza kwenye sufuria inayochemka ili aone kama ni ya kweli. Ikasoma tisini na tano. Akasema, wezi hawa, wameniuzia kitu kinachodanganya kwa nyuzi tano. Akachukua rangi ya kucha ya mkewe, akachora mstari mwekundu nyuzi tano chini ya pale panapotakiwa, akaweka mayai akijua sasa mambo ni sawasawa. Tulingoja mpaka siku zikapita, tukangoja tena, tukapasua. Vifaranga walikuwa wamekufa wakiwa wadogo kama maharage. Akanunua thamometa nyingine, nayo ikasoma vilevile, akawatukana watengenezaji wote wa dunia. Mwishowe mwalimu mmoja wa fizikia aliyekuja kuchukua vifaranga vyake, akakuta havipo, ndiye aliyetuambia kwamba huku juu maji huchemka kabla ya kufika mia, na ukipanda zaidi kule Ngara huchemka mapema zaidi. Mzee Shaabani akakwangua ule mstari mwekundu kwa ukucha. Halafu akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nadanganya." Mkewe akamdai rangi yake ya kucha.

Kwa hiyo msipime thamometa kwa maji yanayochemka, si hapa kwetu. Chukueni thamometa ya homa, ile wanayowawekea watoto kwapani. Wekeni maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, ya kuvumilika kwa kidole, mtie zote mbili pamoja mkoroge. Zikitofautiana, mwaminini mwenye kazi ya kupima watu. Andikeni tofauti hiyo kwenye ubavu wa sanduku kwa kalamu nene, maana mtasahau.

Na jambo jingine kuhusu joto. Wengi wenu umeme ukikatika mnapiga mayowe kama nyumba inaungua. Yai linavumilia baridi. Kuku mwenyewe huinuka akaenda kula, akarudi. Funikeni sanduku kwa blanketi, wekeni chupa za maji ya moto ndani, mngoje. Baridi kidogo humchelewesha tu kifaranga. Cha kuogopa ni umeme ukirudi kwa nguvu na swichi ikanata, joto likapita arobaini ninyi mmelala. Hapo unaamka unakuta umepika.

Unyevu ndio unaowashinda watu, kwa sababu hauonekani na haushikiki. Siku hizi mna vile vipimo vidogo vyenye namba, vizuri, ingawa vingine vinasema uongo mchana kweupe. Mzee Shaabani alikuwa na njia yake. Alitundika thamometa mbili ndani ya mashine yenye feni, moja kavu, nyingine ameivika utambi wa pamba ambao mguu wake umelowekwa kwenye kichupa cha maji. Ile kavu ikisoma thelathini na saba na nusu, ile yenye utambi ikasoma ishirini na tisa hadi thelathini, unyevu uko sawa. Siku za mwisho ile yenye utambi ipande thelathini na mbili, thelathini na tatu. Utambi ukichafuka, badilisha. Mimi nilikata tambi zangu kwenye fulana kuukuu, na pamba ya fulana ndiyo nzuri.

Lakini bwana mkubwa wa vipimo vyote ni yai lenyewe. Mlimulike kwa tochi gizani. Upande ule mnene kuna chumba cha hewa, na kila wiki chumba hicho kinapanuka kwa kuwa maji ya yai yanapungua. Kikipanuka upesi mno, mashine ni kavu, ongeza maji. Kikibaki kidogo, mashine imelowa kupita kiasi, na kifaranga atazama ndani ya ganda lake mwenyewe. Wakati wa masika, ukungu ukishuka asubuhi, mimi nilikuwa nikiondoa bakuli moja la maji. Kiangazi, vumbi la malori limejaa mpaka kwenye ulezi, niliweka mabakuli matatu na bado utambi ulikauka.

Malori nayo. Mnajua barabara ya Rusumo haina adabu, lori likipita vikombe vinacheza kabatini. Mashine yangu ya kwanza niliiweka chumba cha mbele na nikashangaa kwa nini mishipa ya damu ndani ya mayai inakatika. Nikaihamishia stoo ya nyuma, nikaiweka juu ya tairi kuukuu, nikapona. Ila hata huko nyuma hawakuniacha. Siku moja utingo wa lori, kijana mwenye njaa, alifuata harufu ya joto akaingia, akaona mayai yamepangwa vizuri ndani ya sanduku lenye taa, akaniambia, "Mama, nikaangie manne, na chipsi." Nikamwambia haya yana miguu. Akafikiri namtania.

Wanawake wa huku waliniletea mayai waliyoyaosha. Hili nataka mlishike kabisa. Kwetu hupeleki kitu nyumbani kwa watu kikiwa na kinyesi, utaonekana hukulelewa. Kwa hiyo mtu anakusanya mayai ya kuku wake, anayasugua kwa majani na maji mpaka yang'ae, anayapanga kwenye kikapu, anakuja kwa heshima zote. Na yai lina ngozi yake nyembamba juu ya ganda inayozuia uchafu kuingia. Ukiliosha umelivua nguo. Niliwahi kuwapokea mashemeji wa Doto, pacha wa Kulwa, siku ya kwanza kabisa wamekuja kututembelea, tumekaa tunakunywa chai, mara mayai viza yakapasuka ndani ya mashine, moja baada ya jingine, kama risasi. Harufu ilifika mpaka kwenye sukari. Wale watu walikunywa chai yao yote bila kukunja uso. Nikasema moyoni, hawa ni ukoo wa kuoa. Ninyi lipanguseni yai kwa kitambaa kikavu, na lililochafuka sana lileni.

Nimewachekesha kwa makusudi. Sasa nataka kuwaambia habari ya Mama Skola, na sijui namna ya kuisimulia isiyoniuma.

Ni mwaka ule wa ugonjwa wa kutengwa. Wakubwa mnaukumbuka. Tuliacha kupeana mikono, hata kanisani tulitikisiana vichwa. Mama Skola alikuwa mtu wa Murukulazo, kule Ngara, na binti yake Skola alikuwa ameolewa huku kwetu Biharamulo, katika kijiji ambacho sitakitaja. Skola aliugua akapelekwa kutengwa, akafia huko. Alizikwa na watu waliovaa mavazi ya plastiki kutoka utosini hadi miguuni. Mama yake hakumwosha, hakumvika, hakumgusa hata ukucha. Wakaja kupuliza dawa nyumbani, wakachoma nguo, godoro, mkeka, hata kanga aliyokuwa akijifunga. Walifanya kazi yao, nami siwalaumu. Lakini mama alipofika pale nyumbani kuchukua angalau kitambaa cha mwanawe, alikuta majivu.

Kilichobaki chenye mkono wa Skola kilikuwa kuku. Alikuwa na kuku wa kienyeji, weusi wenye shingo nyekundu, aliowapata kutoka kwa kuku wa mama yake mwenyewe, ambao sasa wameisha, siku anaolewa, akawalea mpaka wakajaa uani. Majirani waliogopa hata kuwatupia mahindi. Mama Skola akakaa pale kuwalisha, akipanga namna ya kuwarudisha Murukulazo. Halafu kideri kikaingia kijijini. Mnajua kideri, kuku anapinda shingo asubuhi, jioni unamzika. Waliisha wote. Yakabaki mayai kwenye viota, waliyotaga kabla hawajaugua.

Alikuja kwangu akiwa ameyabeba kwenye kikapu ndani ya pumba za mpunga, kila yai limesimama ncha yake chini kama inavyotakiwa. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, Mama Kulwa. Nimeambiwa wewe unaweza kufufua."

Nikamwambia, "Mama, mimi sifufui. Natia joto tu."

"Basi tia."

Wenzangu, nilikuwa na mayai ya watu kwenye mashine, na mayai yaliyotoka kwenye banda la kideri hayachanganywi na ya wengine. Na majirani zangu walishaanza kunong'ona kwenye uzio kwamba nimepokea vitu vya yule aliyetengwa. Ningeweza kumrudisha. Nilimtazama yule mama, mikono yake imekishika kikapu kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto mchanga, nikashindwa. Nilikuwa na sanduku la zamani aliloniachia Mzee Shaabani, mbao tupu, halina feni, linatumia taa za chemli umeme ukikosekana. Nikaliweka peke yake kwenye kibanda cha kuni, mbali na mashine zangu, nikawa nanawa na kubadilisha kandambili kila nikitoka huko.

Akakaa kwangu siku zote zile. Hakutaka mtu mwingine ageuze mayai. Nilimwonesha kutia alama kwa mkaa, duara upande mmoja, msalaba upande wa pili, ageuze mara tatu kwa siku ili kifaranga asigande kwenye ganda. Alikuwa akigeuza anaongea nayo kwa Kihangaza, taratibu. Neno nililolishika ni mwana wanje, mwanangu, kwa kuwa alilirudia mno. Watu wa mtaani walikuwa hawajui wamwite nini. Jina lake ni Mama Skola, na Skola hayupo. Wengine wakawa wanamwita bibi tu, wengine wanamwita mgeni. Siku moja aliniambia, "Wewe niite Mama Skola. Usiponiita wewe, nani atanitajia Skola?"

Wiki ya kwanza ilipokwisha tukaingia kibandani na tochi, tukatundika blanketi mlangoni kupata giza. Mayai mengi hayakuwa na kitu, yalikuwa yamekaa siku nyingi kiotani. Saba yalikuwa na mishipa, ile mishipa myekundu inayotawanyika, na katikati kijitone kinachodunda. Nikamshika mkono nikamwelekeza macho. Aliangalia muda mrefu. "Vifalanga," akasema, kwa ile lafudhi yake ya Ngara, "vifalanga vya Skola." Kisha akaniomba tuzime tochi, akalia gizani, na mimi nikalia naye.

Tukafika siku ya kumi na nane. Hapa nyote sikilizeni. Siku ya kumi na nane mnaacha kugeuza. Mnaongeza maji, mnafunga mfuniko, na hamfungui tena mpaka watoke na kukauka. Kifaranga akiwa tayari hudonoa ganda akatoboa kitundu, halafu anapumzika saa nyingi, anaendelea tena polepole. Ndani amezungukwa na utando mwembamba. Utando ukiwa na unyevu anauchana. Mkifungua mfuniko, mvuke wote unatoka mara moja, na hauwezi kurudi upesi. Utando unakauka na kumbana, kama mtu aliyevaa nguo mbichi ikamkaukia mwilini asiweze kuinua mkono. Anakufa akiwa amemaliza kila kitu, amebakiza kutoka tu. Haya yote nilimweleza Mama Skola. Nilimweleza pia kwamba watalia kabla ya kutoka, wakiwa bado ndani ya mayai, na kwamba kilio hicho si cha shida. Akaitika. "Nimesikia, Mama Kulwa. Nisifungue."

Siku ile ya kutoka niliitwa Nyamahanga kwenye msiba wa mtu ambaye nisingeweza kukosa kumzika, mzee aliyewapokea wazazi wangu walipofika na ng'ombe wao. Asubuhi kabla sijaondoka tulisikia sauti ya kwanza. Sanduku lilikuwa na mrija wa kumwagia maji ya moto kutoka nje, nikamwonesha. Nikamwambia, mwagilia hapa kidogo kila baada ya saa moja, tazama taa zisitoe moshi, na mfuniko uuache. Akaniambia niende, niwasalimie wafiwa.

Niliporudi jua lilikuwa bado kali. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Mama Skola ameketi chini, mfuniko ameuegemeza ukutani, mapajani amekunja kitenge, na ndani ya kitenge kuna kifaranga mweusi, amelowa, kichwa kinayumba. Aliinua uso, na ule uso ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Njoo uone, Mama Kulwa. Amekuja."

Nikapiga magoti, nikatia mkono ndani ya sanduku. Hewa ilikuwa kavu kama ya jikoni. Mayai sita mengine yote yalikuwa na vitundu, kwenye matano midomo inaonekana, na utando ukingoni mwa vitundu ulikuwa umegeuka rangi, umekuwa wa kahawia, mkavu kama karatasi. Nikamwuliza amefungua saa ngapi. Akasema, "Walikuwa wanalia." Nikarudisha mfuniko, nikamwaga maji ya moto, nikaingiza vitambaa vilivyolowa, nikachovya pamba nikalowanisha utando wa kila mmoja taratibu. Ni kitu cha kufanya, nanyi mkikwama mfanye, wakati mwingine kinasaidia. Waliendelea kulia. Baadaye wakalia wanne. Baadaye wawili.

Kesho yake nikawamenya mwenyewe, yeye akiwa pembeni yangu. Walikuwa wamekamilika, manyoya, kucha, kila kitu. Shingo zao zilikuwa na ule wekundu.

Akaniuliza, "Ni kwa sababu nilifungua?"

Kazi hii ina visingizio vingi. Ningeweza kusema kideri, ningeweza kusema mayai yalikaa kiotani muda mrefu, na asingejua. Nikaona mtu aliyekwisha kufichiwa maiti ya mwanawe hastahili kufichwa kingine. Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni kwa sababu hiyo."

Hakulia. Alikaa, akaweka mikono yake miwili juu ya magoti, akaitazama.

"Kule walikomtenga," akasema, "mimi nilikaa nje ya mlango. Alikuwa ananiita. Mama, fungua. Mama, fungua. Wakaniambia, mama, usifungue, ukifungua utakufa wewe na utaua na wengine. Nikatii. Nikaishika mikono yangu hivi, huu na huu, isinitoroke. Akaita mpaka akaacha." Akaiachia ile mikono. "Jana nikawasikia hawa. Nilikumbuka ulivyoniambia, Mama Kulwa, sikusahau hata neno. Lakini sikuweza kukaa tena nje ya mlango."

Kule walimwambia kweli, na mimi nilimwambia kweli, na mara zote mbili kweli yetu ilimwacha mama huyu na mikono mitupu. Nilimkumbatia tu, mwaka ambao hatukuwa tukikumbatiana, na majirani kwenye uzio waliona wakasema waliyosema.

Yule kifaranga mmoja alipona. Alimbeba ndani ya kitenge mpaka Murukulazo. Miezi baadaye mtu wa kule alinipa salamu zake, akaniambia yule kuku ni jogoo. Jogoo peke yake hawezi kuendeleza kizazi cha kuku wale weusi wenye shingo nyekundu, mnaelewa. Mtu huyo aliniambia pia kwamba Mama Skola hamchinji wala hamgawi, na jioni analala naye chumba kimoja.

Baada ya hapo nilimwita seremala, nikamwambia atoboe mifuniko ya masanduku yangu yote aweke kioo, kipana, cha kutosha nyuso mbili kutazama kwa pamoja. Seremala akanicheka. Alijua, kama mimi nilivyojua, kama Mzee Shaabani alivyonifundisha, kwamba mbao hutunza joto na kioo hulipoteza, na kwamba kifaranga hana haja ya dirisha. Nikamwambia atoboe tu. Mtu akisikia kilio na akaweza kuona ni kilio cha nini, akaona mdomo unatoka, unapumzika, unatoka tena, mikono yake inaweza kungoja.

Kwa hiyo mnapotengeneza masanduku yenu, na fundi akawaambia kioo kinaharibu joto, mkubalieni, anasema kweli. Ongezeni balbu. Fungeni blanketi pembeni. Jazeni mabakuli ya maji. Lakini kioo wekeni.